Twisheni ya hesabu hapa Chake, inikwaliti zimemuingia mwanangu

Asalaam alaykum jamani, naona wazazi wengi wanauliza twisheni ya hesabu Chake Chake basi na mie niseme ya kwangu. Mwanangu yuko fomu wan, walipofika kwenye inikwaliti, yaani zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko, akakwama kabisa, daftari limejaa mishale lakini ukimuuliza huu kwa nini umekwenda kulia anakwambia ndo ilivyoandikwa ubaoni.

Mwalimu niliyempelekea anasomesha barazani kwake. Kachora mstari wa namba kwa chaki kwenye saruji, -10 mpaka 10, na vifaa vyake ni bangili, vifuu vya nazi na kamba ya usumba. Bangili ikikaa juu ya namba basi namba ile haimo, kikikaa kifuu imo, na kamba inalazwa upande zilipo namba zote zinazokubali. Kwa hiyo x > 3 ni bangili kwenye 3 kamba kulia, x ≤ 3 ni kifuu kwenye 3 kamba kushoto. Akishaweka ndo anachora daftarini, kiduara kitupu au cha kujaza.

Kilichonifurahisha hasa ni maneno, maana kabla ya alama anawauliza Kiswahili. Ngarawa isizidi watu 6, je 6 imo? Imo. Zaidi ya 6? Haimo. Angalau 6 imo, chini ya 6 haimo. Kumbe mwanangu kila akiona "isipungue" anaandika alama ya ndogo kuliko kwa sababu kasikia kupungua, wakati isipungue 6 ni x ≥ 6, na mimi mwezi mzima nadhani hajui hesabu!

Halafu mtoto mmoja akalaza kamba kwa ile ngarawa, mwalimu akamzuia, akamuuliza umeona wapi mtu nusu? Watu ni vifuu tu, kimoja kimoja kuanzia 0 mpaka 6, lakini mchele usiozidi pishi 6 hapo kamba sawa maana kuna nusu na robo. Enzi zangu hili sikuelezwa na mtu.

Ile ya kugawa kwa hasi nayo aliwasimamisha watoto wawili, mmoja kwenye 2 mmoja kwenye 5, akawahamisha -2 na -5, aliyekuwa kulia akajikuta kushoto. Ndo maana -2x < 6 inakuwa x > -3, alama inageuka. Na lazima ujaribu, tia 0 unapata 0 < 6 kweli, tia -4 unapata 8 < 6 uongo, na -4 kweli kamba haikuifikia.

Kasoro ipo, watoto wengi baraza dogo, wa nyuma sakafu hawaioni. Na zile za pande mbili kama -2 ≤ x < 4 alizipitia mbio mbio ikaadhiniwa magharibi wakatawanyika, nikamkalisha mwenyewe nyumbani, kifuu kwenye -2, bangili kwenye 4, kamba katikati. Nilimwambia mwalimu na Jumamosi akazirudia zote bila kinyongo.

Ada 15,000 kwa mwezi, siku 3 kwa wiki baada ya alasiri. Mpeni mtoto daftari la viboksi na awahi kukaa mbele.