Kitufe cha "Omba Nakala"

Nimejizuia kuandika haya tangu kabla ya Ramadhani, nikichelea kumkosea mtu kwa hasira. Leo nimeshindwa. Hii hazina ya pamoja ya vyuo vikuu, tovuti ya kutafutia tasnifu na tafiti zao mahali pamoja, ile tunayoambiwa imefungua tafiti kwa kila mtu, kwangu imekuwa mlango uliochorwa ukutani.

Mimi ni maalim wa baiolojia katika skuli ya sekondari hapa Pemba. Mama yangu analima mwani pwani ya Micheweni, na ni katika wale walioanza mapema, zao hili lilipokuwa bado geni Zanzibar. Miaka kadhaa nyuma alitujia mwanafunzi wa shahada ya uzamili, akakaa kwetu karibu mwezi mzima. Mama alimpa chumba, akamlisha, akashuka naye majini kila bamvua, maji yanapotoka sana. Yule mtoto akipima joto la maji, akimuuliza mama kotonii, ule mwani wa bei nzuri, ilianza kufa lini, na huanza kuoza wapi, nchani au shinani. Nakumbuka siku moja mama kamshika mkono anamwonesha kipande cha mwani kilichogeuka cheupe pepepe, laini. Ukikibana kidogo tu kinakatika pale palipofungwa kikamba cha taitai na maji yanakichukua. "Andika hilo," akamwambia. Akaandika.

Mwaka huu kotonii imeanza tena kuwa nyeupe. Mama akaniuliza swali la haki kabisa: "Ile kazi ya yule mtoto imesemaje?"

Nikaingia kutafuta. Na nitasema kweli, kule kutafuta kwenyewe ni raha. Unaandika neno mara moja, majibu yanakuja kutoka vyuo chungu nzima, huna haja ya kupita kimoja kimoja. Niliandika "mwani" na jina la wilaya yetu, tasnifu ya yule mwanafunzi ikatokea juu kabisa. Pembeni yake kile kikufuli cha rangi ya chungwa kilichofunguka, alama ya ufikiaji huria inayojulikana dunia nzima, yaani kazi iko wazi kwa yeyote kuisoma. Nilimwita mama atoke jikoni aje aone.

Nikabofya. Ukurasa ukataka jina la mtumiaji na nywila. Sina. Chini yake kuna kitufe, "Omba nakala". Nikajaza fomu, na mahali pa sababu nikaandika kwamba mama yangu ni mmoja wa wanawake waliohojiwa humu. Ukaja ujumbe: "Ombi lako limepokelewa." Nikafurahi! Bamvua likapita, yakaja maji mafu, likaja bamvua jingine. Nikaomba tena. Ujumbe ule ule, herufi kwa herufi.

Likizo ilipofika nilikuwa na safari ya Unguja. Nikapanda boti Mkoani, na nilipomaliza shughuli zangu nikaona nipite chuoni kwenyewe, pengine mtu na mtu wakionana uso kwa uso jambo huwa jepesi. Kaunta ya maktaba alikuwepo kijana na simu yake mkononi. Nikatoa salamu, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza.

"Wewe mwanafunzi wetu?"

Nikamwambia hapana, mimi maalim, natoka Pemba.

"Basi hiyo si ya watu wa nje. Waandikie."

Nikamwambia nimeshaandika mara mbili. Hapo ndipo akaniangalia, akasema: "Sasa mzee, tasnifu ya mwani ya nini? Si umesema mama yako mkulima, kwani yeye hajui kulima?"

Sikumjibu. Nilikuwa na la kumjibu, Mungu ndiye shahidi, lakini koo lilinikauka. Nikatoka nikakaa chini ya mti pale nje mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wa nje! Jina la kijiji chetu limo kwenye jalada la kazi ile.

Baadaye jamaa yangu anayeshughulika na seva za chuo kingine alinifahamisha namna mambo yanavyokwenda. Kila chuo kina hazina yake, nyingi zinaendeshwa kwa DSpace, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard. Lile dirisha la pamoja tunalotafutia linachopita kukusanya ni maelezo tu: kichwa, mwandishi, mwaka, ikisiri, yaani muhtasari wa kazi. Faili lenyewe linabaki kwao, na ufunguo uko kwao. Ombi la nakala nalo huenda kwenye barua pepe iliyoandikwa siku kazi ilipowekwa. Mwenyewe akishahitimu na anwani yake ya chuo ikafungwa, ombi halina pa kutua. Kwa hiyo "limepokelewa" lile, huenda hakuna binadamu aliyelipokea.

Nisiwe dhalimu, lakini. Usiku uleule nilipopoa nilirudi kwenye dirisha hilohilo, na tasnifu ya chuo kimoja cha Bara ikafunguka yote, kurasa zote, kwenye simu, bando la shilingi mia tano likatosha. Makala za jarida la sayansi ya bahari linalotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao ofisi zao ziko hapahapa Zanzibar, nazo zikafunguka bila kuulizwa mimi ni nani. Nilisoma mpaka saa nane za usiku. Humo nikajifunza kwamba kotonii inayoelea kwenye maji ya kina huhimili kuliko hii yetu ya vigingi, ambayo maji yakitoka inabaki kwenye maji ya magotini yanachemka kwa jua. Nikasema hapana, kitu hiki ni kizuri, nitawaambia walimu wenzangu wote wakitumie. Nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Asubuhi nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maji ya kina nitakwenda na nini, mwanangu? Ngalawa sina na kuogelea sijui." Kisha akauliza, "Na ile ya kwetu?"

Ya kwetu ninayo ikisiri tu, aya moja ya Kiingereza. Nikamfasiria: joto la maji limepanda, mwani unakuwa mweupe, unakatika, wanawake wanahamia spinosamu, aina nyingine ya mwani ambayo bei yake ni ndogo. Mama akanitazama. "Hayo nilimwambia mimi. Nataka yale ambayo sikumwambia."

Basi nyota nne nazirudisha. Azimio la Budapest la 2002 kuhusu ufikiaji huria, ambalo vyuo hupenda kulitaja, linasema msomaji asome, apakue, anakili, bila kizuizi cha pesa, cha sheria wala cha kiufundi. Hakuna pahala palipoandikwa awe mwanafunzi wetu. Kama faili limezuiwa, kikufuli kile kifungwe, watu tujue mapema tusiwaite wazee wetu jikoni. Na vyuo vilivyoungana kutengeneza dirisha moja vishindwe nini kuwekeana mtu mmoja wa kusoma maombi?

Jana usiku nimeomba mara ya tatu. Limepokelewa.