TikTok kwa jicho la usalama: kinachozimika na kisichozimika

India iliifungia TikTok Juni 29, 2020, pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Marekani nayo ikatunga sheria Aprili 2024: ByteDance, kampuni ya Kichina inayoimiliki, iiuze, au ifungiwe. Wewe uliye nayo kwenye simu, uzime nini?

Anza na ruhusa za simu. Majina na namba za watu zilizo kwenye simu yako, na mahali ulipo, kataa. Video zitacheza vilevile. Kamera na maikrofoni, ruhusu wakati wa kurekodi tu. Kisha fungua ukurasa wako, gusa mistari mitatu ya juu, ingia kwenye mipangilio ya faragha na uzime ulinganishaji wa majina hayo na TikTok. Wengi huishia hapo, nalo ni kosa: kukataa leo hakufuti majina yaliyokwisha kupakiwa. Papo hapo kuna kitufe cha kuyaondoa ya zamani, kibonyeze.

Kiungo chenye kuomba nywila au namba ya kadi usikifungulie ndani ya TikTok. Mwaka 2022 kivinjari chake cha ndani kwenye iPhone kiligunduliwa kuwa na msimbo wenye uwezo wa kufuatilia unachoandika. Kampuni ilikubali kwamba msimbo upo, ikakana kuutumia hivyo. Nakili kiungo, kafungulie kwingine.

Hadi hapo naipa TikTok nyota tatu kati ya tano. Inayobaki ndiyo hofu yenyewe ya serikali, na haina kitufe. Desemba 2022 ByteDance ilikiri kwamba wafanyakazi wake walichungulia data za waandishi wa habari, zikiwemo anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni), wakisaka waliokuwa wakivujisha siri. Anwani hiyo huonyesha eneo ulipo kwa kukisia hata ukizima GPS. Na anayeamua video ipi ikufikie si wewe. Kufuta historia ya mapendekezo huanzisha hesabu upya, mwenye hesabu ni yuleyule.

Kufuli la serikali nalo lina tundu. Januari 2025 TikTok ilipoondolewa kwenye maduka ya programu Marekani, waliokuwa nayo walibaki nayo, ila bila masasisho hadi Februari 13. Programu isiyosasishwa hubaki na mianya isiyozibwa, kwa hiyo usalama ulipungua. VPN, programu inayoficha nchi uliyopo, pekee haikutosha kuipakua, maana duka hufuata nchi ya akaunti.

Simu ya kazi yenye nyaraka za ofisi ni suala jingine: humo futa TikTok kabisa, kama Kamisheni ya Ulaya ilivyowaagiza watumishi wake Februari 2023.