TAHADHARI: Huyu mama anayeuza "safari za familia Lamu" ni tapeli. Ametula 124,000

Naandika mikono ikitetemeka na sitafuta hata neno moja. Kuna mwanamke anauza safari za familia kwenda Lamu kwenye magrupu ya akina mama hapa Nairobi. Kiswahili cha Pwani, sauti ya upole, picha za nyumba nyeupe yenye mlango wa kuchonga na maua ya bougainvillea ukutani. Usimtumie hata shilingi moja. Ametula 124,000, na Alhamisi asubuhi ametuacha na watoto watatu na mabegi pale uwanja wa ndege wa Wilson.

Wanaotujua wanajua kwa nini safari hii ilikuwa lazima. Tangu ile Februari baba watoto hajalala usingizi wa maana, na nilikuwa nimemwahidi kwamba Agosti shule zikifungwa tutatoka. Hatukuwa tunaenda kujionyesha. Tulitaka siku nne tu mahali pasipo magari, mtoto atoke mlangoni bila mimi kupiga kelele "angalia nduthi!" Ndiyo maana Lamu. Pesa ilikuwa zamu yangu ya chama, nyingine nikatoa kwenye ile akiba ya plot. Mnajua jinsi nilivyoikusanya.

Sasa nataka mnielewe kwa nini niliamini, kwa sababu dada yangu ameniuliza mara tatu, "Lakini si wewe umesoma?" Huyu mtu anaijua Lamu. Aliniambia ndege haitui Lamu yenyewe, inatua Manda, kisiwa cha jirani, halafu mnavuka kwa boti. Akaniambia tusibebe masanduku magumu kwa sababu ndege ni ndogo, kilo 15 kwa mtu. Akasema magofu ya Takwa hayaendewi ovyo, lazima tungoje maji yajae ndipo boti ipite katikati ya mikoko. Kutoka kijiji cha Shela, iliko nyumba, hadi mjini akasema ni mwendo wa kama dakika 40 kando ya bahari, ila watoto wakichoka tutapanda boti. Mtoto wangu wa mwisho anapenda punda kuliko kitu chochote, naye akaahidi kumpeleka kule wanakotibiwa punda wagonjwa.

Halafu akaniuliza kama kuna mtoto mwenye maradhi yoyote. Nikamwambia wa pili ana pumu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mamangu, chumba chake nitaondoa zulia, na mpishi nitamkataza kufukiza udi siku hizo nne."

Jamani. Kufukiza udi. Mimi mwenyewe, mama yake, nilikuwa sijafikiria moshi wa udi. Hapo ndipo aliponishika. Nilimwambia mume wangu usiku ule kwamba tumepata mtu wa watu.

Malipo ya kwanza yalikuwa 50,000. Salio la 74,000 ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu hapo nilikuwa na nafasi ya kusimama na sikusimama. Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasorobo usiku. Nilikuwa jikoni napika chapati, simu nimeiegemeza kwenye kopo la unga. Akapiga. Sauti yake ilikuwa chini kama mtu anayeonea wenzake haya. "Mamangu nisamehe, kuna familia ya Kisumu wanaitaka nyumba ile ile, wako tayari kulipa yote sasa hivi. Mimi nimewaambia hapana, kuna mama wa Nairobi mwenye mtoto wa pumu nimemwahidi. Lakini mwenye nyumba ananisukuma. Nimekushikia hadi saa tatu."

Dakika 15. Nikamwambia nipe namba ya till, ile ya M-Pesa ya biashara. Akasema till imekwama tangu asubuhi, nitume kwa namba ya mumewe kama nilivyotuma mara ya kwanza. Nikaweka namba, nikaweka kiasi, jina la mwanamume likatokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Nililiona. Nililisoma kwa sauti, na yeye upande wa pili akasema, "Ndiyo huyo huyo, baba wa wanangu." Nyuma yake nilisikia mtoto analia na adhana inaadhiniwa. (Adhana, saa tatu kasorobo usiku! Isha ilishapita muda mrefu. Ilikuwa rekodi. Nimekuja kulijua hilo kitandani saa nane za usiku, macho makavu.) Nikaweka PIN. Chapati ilikuwa imeungua upande mmoja. Dakika mbili baadaye akanitumia tiketi tano zenye majina yetu yote, hata jina la tatu la kitindamimba hakulikosea, na herufi sita za nafasi ya ndege juu kabisa.

Alhamisi tukaamka saa kumi. Mdogo alikataa kuvua boya za mikononi, akazivaa ndani ya teksi Lang'ata Road yote. Pale kaunta binti akaandika zile herufi sita, akaandika tena, akatuangalia, akamwangalia mtoto mwenye boya. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Mama, nafasi iliwekwa kweli, lakini haikulipiwa. Ilifutika yenyewe." Nikamwonyesha tiketi kwenye simu. Akasema hiyo si yao, mtu ameitengeneza. Nikapiga ile namba. Mteja hapatikani. Nikapiga ya mume. Mteja hapatikani. Kwenye WhatsApp picha yake ilikuwa imeshatoweka. Nikatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ili pesa irudishwe, nikajibiwa kwamba haimo tena, imetolewa. Baba watoto hakusema neno. Alichukua mabegi mawili makubwa akatoka nayo nje, akasimama akiangalia ndege. Hilo ndilo sitamsamehe huyu mwanamke, hata akirudisha pesa.

Wa pili akauliza, "Mama, kwani Lamu imefungwa?"

Jioni ile mpwa wangu akazitafuta zile picha kwenye intaneti. Nyumba ipo, iko Shela kweli, ina zidaka za chokaa ukutani vile vile. Tukampata anayeitunza. Mzee wa watu alitusikiliza hadi mwisho, akasema sisi ni familia ya tatu, na kwamba moja ilifika hadi mlangoni na watoto wamelala mabegani. Hajawahi kumsikia huyo mwanamke. Picha zimeibwa.

Nimeandikisha polisi, nina nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, nimepeleka ujumbe wote, sauti zote, namba zote mbili. Nataka akamatwe yeye na huyo anayemwita mume. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, jela miaka 3, na mimi nasema miaka 3 ni michache kwa mtu anayetumia pumu ya mtoto kama chambo. Wakae ndani. Wauze walicho nacho wawarudishie watu. Asimamishwe mbele ya watoto hawa watatu awaeleze mwenyewe. Na wale wanaoniambia nimwachie Mungu, nimewasikia, lakini Mungu ana polisi pia na wanalipwa mshahara.

Mmeniuliza ningemjuaje. Sijui nianzie wapi. Jina la mwanamume, hilo la kwanza, biashara inayojiita ya utalii inapokeaje pesa kwa namba ya mtu binafsi mara mbili? Sikumwomba leseni ya TRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na kila kampuni ya safari hapa Kenya inatakiwa kuwa nayo. Bei pia. Nikipiga hesabu leo, nauli za watu watano Wilson hadi Manda kwenda na kurudi zingemeza karibu pesa yote, sasa nyumba na mpishi na boti angelipa na nini? Zile herufi sita za ndege zilikuja baada ya pesa, lakini bado nilikuwa na siku nzima ya Jumatano, ningewapigia watu wa ndege na kuuliza swali moja tu, imelipiwa? Mtu yeyote anaweza kushikilia nafasi bila kulipa.

Na lingine amenieleza jirani wa kazini kwa mume wangu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, huko huko Lamu. Huyu mwanamke aliniambia watoto watapiga mbizi kuangalia samaki kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto, na kwamba bahari ya Agosti imetulia kama maziwa kwenye kikombe. Jirani akashangaa. Agosti ni kusi, akasema, upepo unavuma na maji yanachafuka, mtu wa Lamu angekwambia mje Desemba au Januari wakati wa kaskazi. Kumbe hata kwao si kwao.

Mama aliyeniambia kwenye kwaya kwamba "kuna mtu alienda naye na wakafurahia", tafadhali nitumie jina la huyo mtu. Nimeuliza wanne, kila mmoja amesikia kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyepanda ndege.

Anabadilisha namba, kwa hiyo msitafute namba, tafuteni zile picha: mlango wa kuchonga, bougainvillea ya waridi upande wa kushoto, paka wa rangi mbili kwenye ngazi. Kuna mtu ameniandikia leo asubuhi, ana watoto wawili, wameambiwa wafike Wilson Jumamosi. Nimempigia mara sita hapokei. Kama unasoma hapa dada, wapigie watu wa ndege sasa hivi, kabla hujatuma salio.