Darubini mpya ilipokutana na mvua ya Tshivanga

Niliinunua Bukavu, kwenye butiki moja upande wa Nyawera: darubini ya macho mawili, 10x25 (yaani inakuza mara kumi, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 25), ndogo ya kuingia mfukoni. Ile yangu ya zamani, 8x42, ilishaniumiza shingo. Muuzaji akaapa: "Papa, hii haijui mvua." Kweli haikuijua. Zilipojuana, basi.

Tulikuwa Tshivanga, mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, jioni, manyunyu hayakatiki. Ndege shorobo akaita juu ya miti. Nikainua ile ndogo: weupe mtupu. Nikafuta, nikafuta tena, kumbe ukungu uko ndani, matone madogo yameganda nyuma ya kioo ambako kidole hakifiki. Nikamnyang'anya mwenzangu ile kubwa ya zamani. Hiyo kiwandani waliijaza gesi kavu ya naitrojeni wakaiziba, hewa yenye unyevu haiingii. Nikamwona ndege mpaka wekundu wa bawa lake.

Na hata bila ukungu, ndogo ingenishinda kwa giza. Gawanya 42 kwa 8: mwanga unakufikia kwenye duara la milimita 5 na kitu. 25 kwa 10 ni milimita 2.5 tu. Jioni mboni ya jicho imepanuka inaomba mwanga, wewe unachungulia kwenye tundu la sindano.

Nisiwe mwongo: saa sita ya jua, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ile ndogo inaonyesha safi sana. Nilikuwa karibu kuisamehe.

Lakini nilipoirudisha dukani! Kijana aliipokea bila hata "karibu", akakamata pindo la shati lake lenye vumbi, akakisugua kioo kwa nguvu, kwa nje, huku mimi namwambia tatizo liko ndani. "Papa, uliipumulia." Niipumulie kupitia wapi? Fakture, ile risiti ya kununulia, ninayo, hakuitazama. Halafu mbele ya wateja: "Mtu mzima na mvi zake anaingia porini kutafuta ndege wa nini?" Wakacheka wote. Akamalizia kwa kunitaka niongeze dola ishirini anipe nyingine, ya aina ileile!

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ni nzuri kwa mchana, inunueni kama hamwendi msituni. Sasa nafuta. Mvua ya Bukavu haikuulizi unakwenda wapi. Bebeni ile nzito, shingo itazoea, na mnunue kwa mtu anayekubali muichunguze mlangoni, kwenye mwanga hafifu, kabla hela haijatoka mfukoni.