Eastleigh kama soko la jumla: bei iko chini, risiti ni shida

Kwa anayetafuta nguo mpya, vitambaa, mashuka au mazulia ya kwenda kuuza tena, Eastleigh ya Nairobi bado ni vigumu kuishinda kwa bei. Kwa huduma baada ya kulipa, iko mkiani. Sifa na kasoro hiyo vina asili moja, na mnunuzi anayeijua atapoteza pesa kidogo kuliko anayeingia akidhani yuko supamaketi.

Mtaa wenyewe ulianza mwaka 1921, ukawa wa Wahindi zaidi, na Wasomali wachache walikuwapo tangu enzi ya mkoloni. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi waliingia Kenya kwa wingi. Kambi zilifunguliwa Dadaab, kisha Kakuma, na serikali ikataka wakae huko. Aliyebaki mjini hakuwa na njia rahisi ya kupata kibali cha kazi, kwa hiyo hakuajiriwa: aliuza. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Bidhaa zikaanza kuuzwa humo humo vyumbani, ikaonekana chumba kinalipa vizuri zaidi kikiwa duka kuliko kikiwa malazi, na jengo likageuka soko. Amal Plaza na mengine yakafuata, hadi BBS Mall ya miaka hii ya karibuni. Si wote wenye maduka ni wakimbizi, lakini: wengi ni Wasomali raia wa Kenya, wako Waoromo, wako Wakenya wa kila kabila. Kumwita kila mwenye duka "mgeni" ni kutoujua mtaa.

Bei inashukaje? Wafanyabiashara kadhaa huchanga mtaji wakajaza kontena moja kutoka Dubai, Guangzhou au Istanbul. Pesa hupita kwa hawala, yaani mawakala wanaotumiana pesa kwa kuaminiana, na kwa jamaa walio nje. Duka dogo huchukua mzigo kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza. Faida kwa kila kipande ni ndogo, ila mzigo hauli vumbi. Kinachodhamini deni ni ukoo na jina la mtu, karatasi hazina kazi kubwa. Wewe mnunuzi wa mara ya kwanza uko nje ya mtandao huo: bei yake unaifaidi, dhamana yake huna.

Kwa hiyo ukaguzi wote ufanywe kabla ya pesa kutoka. Usiamini lebo inayosema pamba. Omba uzi mmoja kwenye ukingo wa kitambaa, utoke nao nje ya duka uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa inaacha kitone kigumu kama shanga. Kwa rangi, lowesha leso nyeupe, sugua upande wa ndani mara kadhaa. Leso ikichukua rangi, nguo hiyo itaharibu nyingine zote kwenye beseni la mteja wako, na lawama ni zako. Vitambaa vya madera vifunguliwe vyote na kupimwa kwa futi yako mwenyewe, maana kipande kilichokatwa kifupi hakionekani kikiwa kimekunjwa ndani ya nailoni.

Dazeni ndiyo inayoumiza wengi. Bei ya jumla ni ya dazeni au seti nzima, na saizi zimeshapangwa na aliyefunga. Nguo za Uturuki huja kwa namba za Ulaya, 38 hadi 44 kwa kawaida. Ikiwa wateja wako ni wa 44 kwenda juu, sehemu kubwa ya seti itakukalia. Fungua, hesabu kila saizi, ndipo mpatane bei. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka la pili; bidhaa hiyo hiyo ipo kwenye ghorofa hiyo hiyo.

Kulipa kwa M-Pesa ni kawaida, na kiwango cha juu ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Jina lisilofanana na duka si lazima liwe utapeli, huenda ni la mwenye mzigo, lakini liandikwe kwenye risiti. Bidhaa ikiwa na kasoro, tegemea kubadilishiwa, tena siku hiyo hiyo, pesa hairudi. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa kwa swala, kwa hiyo anza asubuhi au subiri alasiri.

Kuhusu mtaa wenyewe, alama tunazipunguza bila huruma. Mabomba ya maji taka ya kitongoji cha nyumba za chini sasa yanabeba maghorofa, na mvua ikinyesha maji meusi hujaa barabarani. Mikokoteni na matatu za namba 6 na 9 hugombania njia moja. Kodi za vyumba zimepanda, na juu ya kodi kuna kilemba, wanachokiita gudwili, kinacholipwa mbele kabla ya kupewa ufunguo. Kilemba hicho kimesaidia kujenga majengo mengi, na kimewafungia nje wenye mtaji mdogo. Mafundi cherehani wa Nairobi nao wana haki ya kulalamika, kwani gauni la kontena linauzwa chini ya gharama yao ya kushona.

Lakini ukitaka kujua mtaa huu unauchangia mji nini, tazama ulipoguswa. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi walikamata maelfu na kuwaweka uwanja wa Kasarani. Mitaji ikahama na maduka yakafungwa. Aprili 2015 leseni za kampuni 13 za kutuma pesa zilisimamishwa kwa muda. Hasara iliwafikia mahamali, madereva na wauzaji wa rejareja wa miji mingine ambao hata Mogadishu hawaijui.

Chakula kinastahili sifa: bariis, yaani wali wa Kisomali, na nyama ya ngamia, ndizi mbivu pembeni, na maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa basi kutoka Isiolo yakiwa na harufu ya moshi wa chombo chake.

Mfanyabiashara wa Kenya aombe ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kabla ya kulipa, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kwenye hesabu za kodi, na kibanda kidogo mara nyingi kitakupa karatasi ya mkono. Anayevuka mpaka wa Namanga kwenda Tanzania au Busia kwenda Uganda ajue kwamba cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachoonyesha bidhaa ilitengenezwa wapi, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Gauni la Istanbul lililonunuliwa Eastleigh haliingii humo, hivyo ushuru wa mpakani uupigie hesabu ukiwa bado dukani.