DHT22 kwa mashine ya kuangua vifaranga, maoni yangu

Wacha niseme mapema, kama unataka tu kujua sebuleni kuna joto ama baridi, DHT11, ile sensa ya bluu ya kupima joto na unyevu, inatosha, usiongeze pesa. Mi nilihamia DHT22, ndugu yake ile nyeupe, sababu ya mayai. Natengeneza mashine ya kuangua vifaranga hapa Kasarani, boksi ya mbao, balbu, feni ya kompyuta kuukuu na ESP8266 (kabodi ka kuandikia programu, ndio kanasoma sensa), na mayai ya kuku hayanaga mchezo, ukiwa na feni ndani yanataka nyuzi 37.5 hivi siku zote 21. Sasa DHT11, watengenezaji wenyewe wanakwambia inaweza kukosea nyuzi 2 juu ama chini, yaani inasoma 37 na ndani ni 39, mayai yanaiva na wewe umekaa hapo unafurahia namba. DHT22 ni nusu nyuzi. Inapima kuanzia 40 chini ya sifuri hadi 80, ingawa hiyo ya chini hata baridi ya Julai ya Nairobi haifiki hehe.

Nilinunua town, Luthuli, na bei ilikua zaidi ya mara mbili ya DHT11, hapo ndio wengi huachana nayo. Kuna ya miguu minne tupu na kuna ile imechomelewa tayari kwa kabodi kadogo ka pini tatu. Chukua ya kabodi. Hiyo ingine ni sensa ileile lakini lazima ujitafutie rizista ya kilo-ohm 10 uweke kati ya data na umeme, na bila hiyo, hasa waya ikiwa ndefu, unapata tu "nan" kwa skrini badala ya namba, unaanza kulaumu laibrari ya programu bure. Pia ni pole, usiisome chini ya kila sekunde 2. Kwa mayai hiyo si shida, joto ya boksi haibadiliki haraka hivo.

Unyevu ndio sikua naamini. Kuna mtihani wa jikoni, unaweka chumvi ya kawaida kwa kifuniko cha soda, matone machache ya maji iwe matope matope lakini isiyeyuke yote, halafu kifuniko na sensa ndani ya mkebe wa kufunga kabisa, waya nilipitisha kwa kashimo nikaziba na gundi ya moto, ukalala. Hewa ya huo mkebe hutulia kwa asilimia 75. Yangu asubuhi ilikua inasema 78, haitoki hapo, so kwa programu natoa 3 na maisha yanaendelea. Kwa bei yake sioni ubaya.

Ubaya ni maji. Nilikua nimeiweka karibu na bakuli ya maji, zile siku za mwisho unapandisha unyevu mpaka 65 ama 70, ikashika mvuke ikagandia 99.9 na haikushuka mpaka nikaitoa ikakauka nje. Sasa iko usawa wa mayai, mbali na bakuli na mbali na balbu, maana ukiiweka karibu na balbu unapima balbu.

Kwa mashine ya pili nataka BME280 ya Bosch, ni ndogo na inasoma haraka kushinda hii, lakini hapo mchunge sana. Duka moja waliniuzia BMP280 na wakaapa ni BME, na BMP haina unyevu kabisa, ni joto na presha ya hewa tu, bodi zinafanana kama mapacha. Iangalie karibu, kachuma ka BME ni mraba, ka BMP kamerefuka kidogo. Ama ubebe ESP8266 yako dukani uisome nayo namba ya chipu, BME inajibu 0x60, BMP ni 0x58, na hulipi kabla uione.