Tahadhari: Helmeti na kinga feki za enduro zinazouzwa mtandaoni

Natoa tahadhari hii kwa waendesha baiskeli za milimani wa Arusha, Moshi, Lushoto na kwingineko nchini wanaotafuta mavazi ya mashindano ya enduro, yaani mbio za baiskeli za kushuka milima. Kuna muuzaji anayetangaza mtandaoni helmeti za uso mzima, kinga za magoti na kinga za mgongo zenye majina ya kampuni kubwa, naye huzituma kwa basi baada ya kulipwa fedha yote kwa simu. Bidhaa zake nilizozishika na kuzikagua, ambazo zilinunuliwa na wenzetu kadhaa, ni feki. Akaunti yake siitaji kwa kuwa imekwisha kubadili jina tangu malalamiko ya kwanza yalipoandikwa chini ya picha zake na kufutwa. Jina la leo halitamsaidia atakayesoma mwezi ujao, lakini namna yake ya kuuza haijabadilika hata kidogo.

Ni mtu mpole na hujibu upesi. Bei yake ni kama robo ya bei ya dukani, na sababu yake daima ni ileile, kwamba mzigo ni masalia ya duka lililofungwa Ulaya. Namba ya kulipia imesajiliwa kwa jina lisilo la mtu anayezungumza nawe. Ukimwomba picha ya lebo ya ndani ya helmeti, hukutumia picha nyingine ya nje iliyopigwa vizuri zaidi, na ukisisitiza, hudai kwamba lebo ziliondolewa ili mzigo usisumbuliwe forodhani. Dai hilo halina mantiki, kwa sababu lebo ndiyo inayomwonyesha mkaguzi kwamba helmeti imepimwa, na hakuna mfanyabiashara halali anayebandua ushahidi wa ubora wa bidhaa yake mwenyewe.

Linalowafanya watu wa enduro wanaswe kwa urahisi kuliko wengine ni aina yenyewe ya mchezo. Katika enduro, saa huhesabu vipande vya kushuka tu, ilhali mshindani hupanda kwa nguvu zake mwenyewe kutoka kipande kimoja hadi kingine, mara nyingi kwa siku nzima. Kwa hiyo, tangu mfululizo wa mashindano ya dunia ya enduro ulipoanza mwaka 2013, na hata baada ya kuwa Kombe la Dunia chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, mwaka 2023, watengenezaji wameshindana kuunda helmeti za uso mzima zilizo nyepesi na zenye matundu mengi ya hewa, pamoja na kinga za magoti laini ambazo mtu anaweza kupanda nazo mlima bila kuchubuka. Wepesi na ulaini, ambavyo kwenye helmeti ya pikipiki vingetutia shaka mara moja, kwetu ni sifa ya kweli na tunailipia. Tapeli huyu amelielewa jambo hilo vizuri: anauza kitu chepesi kwa sababu hakina kitu ndani, na mnunuzi anakipokea kwa furaha.

Tuanze na helmeti, kwani hapo ndipo hatari ilipo. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 kinaitaka helmeti, ikidondoshwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, isiruhusu kichwa cha majaribio kipate mshtuko unaozidi mara 250 ya nguvu ya uvutano. Kile cha Marekani cha CPSC huidondosha kutoka mita 2 na kuweka kikomo cha mara 300. Kazi hiyo hufanywa na tabaka la polistirini, lile povu jeupe gumu wanalofungashia televisheni, ambalo husagika ili kumeza pigo. Katika helmeti moja ya muuzaji huyu, tulipovua vitambaa vya ndani tulikuta povu la unene usiolingana, lililogundishwa kwenye ganda kwa matone ya gundi, na kamba za kidevu zimeshikizwa kwenye povu lenyewe bila kipande chochote cha plastiki ngumu cha kuzizuia zisichomoke. Helmeti ikichomoka kichwani kabla ya kugonga jiwe, unene wa povu hauna maana tena.

Jaribio lililotupa uhakika halikuhitaji maabara. EN 1078 inataka helmeti iandikwe namba ya kiwango, jina la mtengenezaji, ukubwa kwa sentimita, uzito kwa gramu, na mwaka na robo ya mwaka ilipotengenezwa. Tulipeleka helmeti zilizofika na lebo kwenye mizani ya duka la nafaka, na uzito wa mizani ulikuwa chini sana kuliko ule ulioandikwa. Zaidi ya hayo, helmeti ndogo na helmeti kubwa zilikuwa na uzito uleule kwenye lebo, na zote zilidai kutengenezwa robo ileile. Tofauti ya gramu chache ni ya kawaida hata kwa bidhaa orijino, lakini kubwa na ndogo haziwezi kulingana kwa uzito. Nashangaa kwamba mtu aliyejitaabisha kunakili nembo kwa ustadi ule hakujali kubadili tarakimu mbili.

Hata lebo ya kweli isomwe kwa makini. EN 1078 na CPSC hazipimi uimara wa kinga ya kidevu, kwa hiyo helmeti ya uso mzima inaweza kufaulu viwango hivyo viwili huku sehemu ya mdomoni ikiwa pambo tu. Kiwango kinachopima sehemu hiyo kwa baiskeli za kushuka mlima ni kile cha Marekani cha ASTM F1952, na helmeti zinazojulikana katika enduro, kwa mfano Fox Proframe na Bell Super DH, zimekipita. Super DH ina kinga ya kidevu inayovuliwa wakati wa kupanda na kurudishwa kabla ya kushuka, na muuzaji huyu ana nakala ya mtindo huo ambayo vifungo vyake vya plastiki tulivifungua kwa kuvuta kwa vidole. Anatangaza pia tabaka la MIPS, lile la rangi ya njano. Tabaka la kweli huteleza milimita 10 hadi 15 ndani ya helmeti ili kupunguza nguvu ya mzunguko kichwani; la kwake limegundishwa na halisogei popote.

Kwa kinga za magoti na viwiko tafuta EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha kinga za waendesha pikipiki, ambacho lebo yake huwa na mchoro wa mwendesha pikipiki, herufi K kwa goti au E kwa kiwiko, na namba 1 au 2. Daraja la 1 huruhusu wastani wa kilonewtoni 35 (kipimo cha nguvu ya pigo) upite hadi mwilini, na daraja la 2 huruhusu 20. Kwa mgongo ni EN 1621-2, yenye kilonewtoni 18 na 9. Zile laini za kweli hunepa ukizibonyeza polepole na hukakamaa ukizipiga ghafla. Iweke juu ya meza na uigonge kwa nyundo ndogo. Zilizotufikia zilibaki sponji kwa namna zote mbili. Glavu, jezi na kaptura zake si nzuri, lakini hazitamuua mtu. Miwani ya vumbi ni jambo jingine, kwa kuwa kioo kinachovunjika vipande vyenye ncha karibu na jicho si cha kuchezea.

Mwenye fedha kidogo anunue kwanza helmeti ya kweli na kinga za magoti, hata kama jezi yake ni fulana ya mtumba. Helmeti yenyewe, hata hivyo, isitoke mtumbani, maana povu lililosagika halirudi na rangi mpya huficha ufa.

Aliyekwisha kutapeliwa atunze ujumbe wote wa muamala, picha za mazungumzo, risiti ya basi na lebo zenyewe, atoe taarifa polisi, na apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Muuzaji akikuahidi kurudisha fedha ukimtumia helmeti kwanza, usiitume, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako, naye ataiuza tena. Kesi ikimalizika, zikate kamba zake kabla ya kuitupa, kwa sababu helmeti iliyotupwa ikiwa nzima huokotwa na kuvaliwa na mtu mwingine.